Sauti Yangu Imefika Ukweni

Kamina, tarehe 9 Aprili

Kwa kaka yangu mpendwa, Yaya Lazare, pamoja na nyumba yako yote,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kolwezi, wewe na wote wanaokula kwenye sahani yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa Noeli umekuachilia. Shemeji Béthanie hajambo? Na Mama, bado anawagombeza wauza mkate wanaopita mlangoni? Mwambie tangu aje kukaa kwenu barabara yetu imepoa mno, hata majirani wanaulizia ugomvi wake. Sisi tu wazima. Naomie anawasalimu, na Jessé ameng'oka meno ya mbele, sasa akiimba kwenye kwaya ya watoto maneno yote yanatoka na upepo.

Ningeweza kukutumia ujumbe wa simu, lakini Baba alitufundisha kwamba neno zito haliandikwi kwa dole gumba. Najua unangoja kitu kimoja tu kutoka kwangu: siku nitakayopanda gari kuja kuanza ile kazi uliyoniombea kwa bosi wako kule mgodini. Jibu liko humu ndani, Yaya. Lakini nivumilie kwanza, maana nimefanya ujinga ambao sidhani kama kuna Muluba mwingine amewahi kuufanya, na nataka uusikie kwangu kabla watu wa treni hawajakuletea ukiwa umetiwa chumvi.

Unakumbuka nilikuambia habari za ule mpango wa serikali wa kupeleka mtandao vijijini na kufundisha watu kazi za kompyuta. Wengi hapa walicheka. Walisema Leta, yaani serikali, ilishaahidi lami, ilishaahidi umeme, sasa imekuja kuahidi hewa. Lakini mitambo ilifika kweli, nikaiona kwa macho yangu ikishushwa: antena, vibao vya jua, na kompyuta za kituo cha mafunzo hapa Kamina. Kiongozi wa mafundi ni Guelord, mtoto wa askari, aliyekulia kule Base, kwenye kambi ya jeshi, na kwenda kusoma Kinshasa. Anazungumza Kiswahili chenye Lingala ndani, na Kiluba hajui hata cha kuombea maji.

Kazi yetu kubwa pale kituoni, nilipoajiriwa kufundisha, ilikuwa kuifundisha mashine Kiluba. Nakueleza kwa ufupi: mtu wa kijijini anashika simu, anabonyeza, anauliza kwa lugha yake. Mihogo yangu ina madoa, nifanye nini? Samaki mkavu anauzwaje Kamina wiki hii? Mtoto ana homa, nimpeleke wapi? Mashine inasikia, inatafuta, inajibu kwa Kiluba. Swali ambalo haikulielewa linarudi kwetu Kamina, mtu analisikiliza na kuisahihisha. Mwanzoni ilituchekesha sana. Kuna mzee iliyemshauri apande samaki na kuvua mihogo. Polepole ikashika, ingawa mpaka leo Hulda, yule mwalimu mwenzangu uliyemwona kwenye ndoa yangu, anawaambia watu wote: iulizeni, lakini kwa mambo ya ugonjwa nendeni pia kwa muuguzi.

Sasa, mashine inahitaji sauti ya kujibia. Guelord alitafuta sauti safi, yenye Kiluba kinachoeleweka Kamina na Bukama pia. Watu wote wakasema: mchukue Théo, yule anayesoma matangazo kwenye redio. Yaya, nisikufiche, kichwa kilivimba. Nilikaa katika kile chumba kidogo chenye magodoro ukutani nikasoma sentensi mpaka koo likakauka, huku nikijiona mkubwa: sauti yangu itafika mahali ambapo hata gari la gavana halijafika. Wakaipeleka Kinshasa, mashine ikajifunza, na iliporudi ilikuwa inasema kwa mdomo wangu mambo ambayo sikuwahi kuyasema.

Kijiji cha kwanza kuchaguliwa kilikuwa Kabondo-Dianda. Hapo nafikiri umeshaanza kucheka, kwa sababu unajua ni nani anakaa Kabondo-Dianda.

Sisi watu wa Kamina, watoto wa misheni, tunapenda kusema kwamba mambo ya buko, ya mkwe kumkwepa mama mkwe, ni mambo ya kijijini. Lakini wewe ni shahidi wangu. Mama Dorothée alipokuja kutoka Kabondo Jessé alipozaliwa, ni nani alikwenda kulala kwa jirani? Ni nani alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma huku akikohoa, ili mama mkwe apate nafasi ya kujifunika? Tangu nimuoe Naomie sijala mbele ya mama yake, sijamtazama usoni, hatujawahi kubadilishana neno hata moja. Naomie aliniambia kwamba saa ya matangazo yangu ikifika, mama anazima redio, halafu anakwenda kwa jirani kuuliza habari zilikuwa zipi.

Basi siku ya uzinduzi ilipofika nilijiona mwenye adabu. Nilikataa kwenda. Nikamwambia Guelord siwezi kusimama mbele ya watu huko ukweni, Hulda aende badala yangu. Hulda akaenda kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Nami nikabaki Kamina nimetulia, nikinywa chai. Nilificha mwili nikapeleka mdomo, na akili yangu yote ya shule haikuliona hilo.

Hulda alinisimulia kwa simu akicheka na kulia kwa pamoja. Watu walikuwa wamejaa, chifu ameketi, akina mama wauza samaki wamevaa vitenge vya sherehe. Hulda akawaeleza kila kitu vizuri, hata kwamba maswali yasiyoeleweka yatasikilizwa na sisi huku Kamina. Kisha wakasema wa kwanza kuuliza awe kiongozi wa akina mama wa samaki, ndiye mwenye heshima. Kiongozi huyo ni mama mkwe wangu. Akashika simu, akabonyeza. Na mimi, Yaya, mbele ya kijiji kizima, nikamwambia mama mkwe wangu: karibia mama, usione haya, zungumza nami.

Alitupa simu, akajifunika uso kwa kitenge, akakimbia. Dada zake wakamfuata, kwa sababu dada za mama mkwe nao ni mama wakwe, na huko Kabondo hakuna mwanamke wa rika lile ambaye si dada yake kwa njia moja au nyingine. Uwanja ukabaki na wanaume, chifu, na simu chini ikiendelea kumkaribisha mama. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wao hawakujua kwamba siku moja ulimi ungejikwaa Kabondo na mwenyewe yuko Kamina na kikombe mkononi.

Mwanzoni tulicheka kidogo. Kisha siku zikapita na hakuna mtu aliyegusa ile simu. Akina mama walisema hawawezi kukaa wanasikiliza mdomo wa mkwe wa kiongozi wao, ni kumvua nguo hadharani. Wanaume nao wakasema kitu ambacho wake zao wanakikimbia hakiwezi kuwa na heri. Guelord akaniambia ukweli: tume ya mkoa itapita vijijini kabla mvua haijaisha, na mahali itakapokuta mitambo haitumiki, mitambo itang'olewa ipelekwe kwingine. Nilimwomba abadilishe sauti, aweke ya Hulda. Akasema inawezekana, lakini kurekodi upya na kuifundisha mashine Kinshasa ni kazi ya miezi, na tume haitangoja. Alijaribu pia kunituliza kwamba sauti ni sauti tu, haina mtu ndani. Nikamwambia aende akamweleze hivyo mama mkwe wake. Akafikiri kidogo, akasema hapana.

Nilifanya linalofanywa. Nilimtuma Naomie kwao na mbuzi wa kuomba msamaha. Alirudi akiwa na uso mzito. Mbuzi alipokelewa, hakuna chuki, lakini mama alisema mbuzi anaosha kosa lililokwisha, na hili halijaisha, kwa sababu ule mdomo bado uko ndani ya simu. Nilijisikia vibaya sana, Yaya. Sikuona haya kwa ajili ya watu kunicheka, hilo nimelizoea redioni. Nilikuwa naona kijiji kizima kinakwenda kupoteza kitu ambacho hakijawahi kukipata, na anayekiharibia ni mimi, kwa kupenda kujisikia.

Na nilikuwa namfikiria Séphora. Wewe ulikuja kwenye msiba wake kwa hiyo unajua. Mdogo wake Naomie, yule mcheshi, alishikwa na uchungu wa kuzaa mvua ikiwa imekata njia, na pale kijijini hapakuwa na mtandao wa kumwita mtu yeyote. Sisi tulipata habari akiwa ameshazikwa. Nilimwona Naomie siku antena ile ilipopakiwa kwenye lori. Aliweka mkono wake juu ya kile chuma akakaa nacho kidogo kabla dereva hajaondoka.

Asubuhi moja niko kituoni, nimevaa vile visikizi vya masikioni, nasikiliza maswali yaliyoishinda mashine. Mtu anauliza habari za nguruwe huku nguruwe mwenyewe anapiga kelele. Mtu mwingine anakohoa tu. Halafu ikaja sauti kutoka Kabondo, kutoka ile simu iliyokuwa imelala. Sauti ya mwanamke mzima, anayechanganya Kiluba na Kiswahili ndiyo maana mashine ilishindwa kumwelewa. Nilimjua kabla hajamaliza neno la kwanza, kwa sababu Naomie akikasirika anazungumza vilevile.

Unajua jinsi wakwe wanavyopelekeana neno kwetu. Hawaambiani. Mama mkwe akitaka kitu anamwambia mtoto, na kama mtoto hayupo anamwambia kuku, au ukuta: wewe ukuta, umwambie mwenye nyumba chumvi imekwisha. Mwenye nyumba anasikia, analeta chumvi, na heshima ya kila mtu inabaki mahali pake. Mama Dorothée alikuwa amefikiri, na amepata ukuta wake. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia, ya Kiluba nimeyatia katika Kiswahili chake:

“Mashini, sikia. Minyi siko nasema na muntu. Niko nasema na weye. Uambie mwenye hii sauti: mbuzi tulikula, ilikuwa na mafuta, wafwako, asanti. Uambie minyi sina kasirani na yeye. Nilikimbia juu haya ilinishika, na banamama balikimbia juu minyi nilikimbia. Lakini hii antena basiibebe. Ile siku ya Séphora tulibakia naangalia njia tu. Hakuna wa kuita. Sitaki mutoto wa muntu mwingine afe vile juu ya haya yangu. Weye mashini njo unasema mubaya. Unasema karibia mama. Mujumbe hasemi karibia. Mujumbe anasimama kwa mulango, anasema: nimetumwa. Sema vile, na siye tutasikia.”

Yaya, sijui nilisimama saa ngapi. Hulda aliniambia baadaye kwamba alinikuta nimesimama, kofia mkononi, nimeipa kompyuta mgongo, machozi yanashuka, na bado nasikiliza. Mama mkwe anapita, utakaaje kwenye kiti?

Nilimwendea Guelord nikamweleza. Kubadilisha sauti nzima hatuwezi, lakini lile neno la kukaribisha ni langu nililolirekodi peke yake, linaweza kuondolewa leo. Alilalamika kidogo kwamba maagizo ya Kinshasa yanataka mashine izungumze kama rafiki wa nyumbani. Nikamuuliza kama yeye anamjua rafiki wa nyumbani wa Kabondo kuliko Mama Dorothée. Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumeshamaliza. Sasa ukibonyeza inasema: nimetumwa kwenye nyumba hii, mimi nabeba neno tu, wenye nyumba waseme. Na inajibu bila kumwita mtu mama wala baba, inasema “wenye nyumba” tu, kama mjumbe wa ndoa anavyosema.

Halafu tukangoja. Nilikuwa roho juu. Siku ya kwanza kimya. Siku iliyofuata likaja swali la bei ya samaki, kutoka kwa mmoja wa wale dada. Kisha la mihogo. Kisha yakaja kwa wingi mpaka mashine ikawa inatuletea mafungu ya maneno isiyoyajua, majina ya nyavu na ya magonjwa ya kuku ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia, na Hulda akawa anapiga simu Kabondo kuuliza maana yake.

Tume ilifika imechelewa, gari lao limezama mara nyingi njiani, wenyewe wamejaa matope kuliko gari. Hulda alikuwapo. Walikuta akina mama wamepanga foleni, na mbele ya foleni Mama Dorothée, kichwa wazi. Akauliza swali lake, akajibiwa, akasema “eyo vidye”, yaani ndiyo mheshimiwa, kama anavyojibiwa mjumbe wa heshima. Bwana mmoja wa tume, aliyekuwa ameshapashwa habari na wambeya, akamuuliza kwa utani kama anamjua mwenye sauti ile. Akajibu kwamba yeye hamjui mtu huyo hata kidogo, anamjua mjumbe tu. Watu walicheka mpaka chifu akalia.

Antena imebaki, Yaya. Imebaki, na serikali inaongeza chumba cha mafunzo palepale, chenye kompyuta na vibao vya jua, ili vijana na akina mama wajifunze kuitumia mitambo na kuitengeneza wenyewe, badala ya kungoja fundi wa Kamina afaulu kupita kwenye matope. Kuna kijana wa huko ameshajifunza kusafisha vibao na kufuatilia waya ulioliwa na panya. Si jambo kubwa kwa mtu wa Kolwezi, lakini mimi nimeona vitu vingi vya serikali vikifa kwa kukosa mtu wa kufuta vumbi.

Sasa nafika pale unaponingoja, na mkono wangu umekuwa mzito. Chumba kile kinahitaji mwalimu atakayekaa Kabondo, si wa kupita. Walitafuta anayejua mashine, anayejua Kiluba, na ambaye watu wanamkubali. Nimekubali mimi. Mkataba nimeshautia sahihi. Na bosi wako, Yaya, nimeshampelekea neno la kukataa ile kazi, kabla ya kukuandikia wewe. Nilijua nikikuambia kwanza utanipigia simu, na mimi tangu utoto sijawahi kukushinda kwa maneno.

Naomba unisamehe. Wewe uliweka jina lako mbele ya watu kwa ajili yangu, na mimi nimeliacha limesimama juani. Hilo linaniuma kweli, na sitajificha nyuma ya methali. Mshahara wa huku haufiki hata karibu na ule wa mgodini, nyumba itakuwa ya udongo, na wenzangu wa redioni wanasema nimelogwa, maana ni Muluba gani mwenye akili timamu anayehamia kijiji cha mama mkwe wake kwa hiari? Nilimuuliza Naomie. Alikwenda akaanza kukunja nguo za Jessé, akiimba kwa sauti ya chini, na sikuwa nimemsikia akiimba tangu msiba wa mdogo wake. Mgodi utampata mtu mwingine kesho asubuhi. Kabondo, kama nisipokwenda mimi, sijui.

Mambo ya kukaa yameshapangwa, si nami bali na mashine. Imeelekezwa kuniambia kwamba njia ya kisimani asubuhi ni ya mama na jioni ni yangu, kwamba kanisani wanaume wakae upande wa dirisha, na kwamba nikitaka kupita sokoni nikohoe nikiwa bado mbali. Nimekubali yote. Nimejibu kupitia palepale.

Mpe Mama mkono wangu, umwambie asiwe na wasiwasi, tutakuja kumwona kiangazi njia ikikauka. Msalimie sana shemeji Béthanie na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Hulda anakusalimu, na Guelord pia, ingawa hamjaonana. Ukikasirika, kasirika, ni haki yako, ila usininyamazie.

Na wewe mwenyewe una salamu, Yaya. Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii mashine ilipoleta neno jipya kutoka Kabondo, ikasema imeshindwa kulielewa. Nalinakili hapa, kwa sababu ni lako: “Mashini, uambie mwenye sauti amwambie yaya yake wa kule Kolwezi asikasirike. Nyumba tumeshapaka udongo. Mutoto mumoja wangu alienda. Anipatie huyu.”

Ni mimi mdogo wako,

Théo